Kitambaa cha Ndeshi: Kutoka Maji ya Chai hadi Halifax

Ndugu zangu wa jumuiya na majirani wa pale juu ya Maji ya Chai, tangu nirudi hamjaniacha nipumue. Kila nikishuka barabarani kununua chumvi, mtu ananishika mkono: "Baba Ndeshi, Uingereza kukoje? Na binti je?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia mke wangu ananisahihisha. Nimeamua kuandika mara moja, msomeane. Habari za tiketi, viza na foleni za karatasi nimeziruka. Hazikunifurahisha hata mimi niliyezipitia.

Wengi wenu mlikuwepo siku ya kipaimara cha mtoto wa mdogo wangu, miaka minne iliyopita, Ndeshi alipoingia uwanjani kwangu na Ramadhani, kitambaa kichwani, akatuambia kwamba amesilimu na wamefunga ndoa. Mnakumbuka nilichosema, maana nilikisema kwa sauti ile ninayomfokea dereva aliyenizibia njia: "Usikanyage uwanja huu tena na hicho kitambaa kichwani!" Pilau ilikuwa bado kwenye sahani zenu. Ndeshi aligeuka, akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga.

Walikwenda Uingereza. Yeye anatunza wazee majumbani mwao, Ramadhani anapanga mizigo kwenye ghala, na mwaka jana walipata mtoto wa kike, Salma. Mnaniita Baba Ndeshi asubuhi na jioni, na kwa miaka minne sikuzungumza na huyo Ndeshi hata kwa simu. Safari hii ilipangwa na Mama Ndeshi na binti yake bila kunishirikisha. Goti la mke wangu halimruhusu kukaa kwenye ndege muda mrefu, kwa hiyo aliniambia kwa kifupi: "Aliyevunja ni wewe. Nenda."

Kaloleni, kabla ya kuondoka

Mke wangu alikuwa na sharti moja. Kabla sijapanda ndege, niende mjini Arusha nikachukue mzigo kwa Mama Ramadhani, mama wa mkwe wangu, anayekaa Kaloleni. Mwanamke huyo sikuwahi kumwona. Miaka thelathini nimeendesha magari ya watalii, gereji yetu ilikuwa mitaa miwili kutoka kwake, na huenda nilishawahi kula vitumbua vyake bila kujua. Asili yao ni Kondoa, lakini mama yule amezeeka palepale Kaloleni.

Nilimkuta amekaa barazani ananisubiri. Ni mtu mfupi, mwenye meno meupe, miwani imefungwa uzi.

"Karibu, mkwe wangu. Kaa."

Nilikaa kwenye benchi kama mshitakiwa. Aliniletea chai ya tangawizi na vitumbua vya moto, akaniuliza habari za mahindi, habari za goti la mwenzangu, habari za mvua mlimani. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, na majibu yangu nilikuwa nimeyapanga tangu Usa River. Lawama haikuja. Nilipomaliza kikombe cha pili ndipo aliposema, tena huku anacheka:

"Hii chai nimeanza kukupikia miaka minne iliyopita, mkwe. Kila nikisikia unakuja, huji."

Niliona aibu, nikaangalia vitumbua.

Mzigo ulikuwa na ubuyu, kisamvu kilichokaushwa, pakiti ndogo ya udi pamoja na chetezo cha udongo, na juu ya vyote mtandio wa rangi ya samawati, ukingo ameudarizi mwenyewe kwa mkono. Aliukunja mbele yangu polepole.

"Vingine mpe yeyote. Huu mpe Ndeshi mkononi mwake. Usimpe Ramadhani ampelekee."

Nilijua anachokifanya, na yeye alijua kwamba najua. Nilisema ndiyo.

KIA, na saa sita za kukaa chini

Kutoka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, niliondoka salama. Mtu aliyezoea kuwapeleka wageni uwanjani na kuwapungia mkono, siku anayopungiwa yeye moyo humdunda. Mlima Meru niliuona kwa dirisha, ukiwa chini yangu. Jamani! Mlima niliozaliwa ubavuni mwake, nimeuangalia juu maisha yangu yote, nikauona kileleni kwake kama mtu anavyoona kipara cha aliyeketi. Nilivua kofia bila kufikiri, na mzungu wa pembeni akadhani nimeshikwa na joto.

Tulibadilisha ndege katikati ya njia, na ndege ya pili ikachelewa saa sita. Karibu yangu alikaa mama aliyefunikwa mwili mzima kwa nguo nyeusi, macho tu ndiyo yaliyoonekana, na mtoto mdogo mapajani. Nikakaza shingo nisimwangalie. Saa ya swala ilipofika alinigeukia, akasema kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, "Mzee, naomba unishikie mtoto, nakwenda kuswali." Akaniwekea mtoto mikononi na kwenda zake.

Nilibaki na mtoto wa watu katika nchi ya watu. Nilishangaa imani aliyonayo kwangu. Halafu hofu ikaniingia: nitamjuaje akirudi? Mle ndani kulikuwa na akina mama waliovaa vile wasiopungua kumi. Kila aliyepita nilimtolea mtoto, wakawa wananishangaa. Hatimaye mwenyewe akarudi, akanijua yeye, akanipa tende nane kwenye leso ya karatasi. Alicheka sana nilipomweleza. Nilijua anacheka kwa macho yake. Sikuwahi kufikiri kwamba macho peke yake yanaweza kucheka hivyo.

London, kwenye meza ya ukaguzi

Ofisa aliyefungua mzigo wangu alikuwa na kilemba. Nasema kilemba kamili, cha rangi nyeusi, na ndevu zimetunzwa vizuri, na chini yake sare ya serikali ya Mfalme. Nilimwangalia mpaka akaniuliza kama nina tatizo. Nilimwambia hapana, nimependa tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimebeba moyoni picha ya Uingereza ya watu wa aina moja, wenye kofia moja.

Alitoa kisamvu, akakinusa. Akatoa ubuyu. Akatoa udi, akauliza ni nini. Mimi mzee wa kanisa, msoma Injili wa Jumapili ya pili, nikaanza kueleza matumizi ya udi kwa kubahatisha: unawekwa juu ya kaa la moto, nyumba inanukia, mgeni anafurahi. Alitabasamu, akasema bibi yake alikuwa na kitu cha namna hiyo.

Mwisho akafungua mtandio, akaunyoosha mezani mbele ya foleni nzima. "Mzuri. Ni wa mke wako?"

"Ni wa binti yangu," nikasema.

Akaukunja kwa adabu kuliko nilivyoukunja mimi. Nilipopita geti nikagundua kwamba maneno hayo, binti yangu na mtandio kwa pamoja, yalikuwa hayajawahi kutoka kinywani mwangu.

Basi la kwenda kaskazini

Ramadhani alikuwa zamu, kwa hiyo nilipanda basi la mbali peke yangu kutoka London hadi Leeds, ambako angenipokea. Hapa ndipo mnaponiuliza sana, basi nipunguze mwendo.

Sisi madereva wa watalii tulikuwa na sheria: siasa hapana, dini hapana, zungumza habari za tembo. Kwa sheria hiyo nimewabeba Waingereza miaka thelathini, nikajiona nawajua. Ni watu wanaouomba mti samahani wakiukanyaga mzizi. Kumbe nilikuwa nawajua wakiwa likizo.

Nyuma yangu alikaa mwanamume mkubwa, mikono imejaa michoro, na ng'ambo ya njia mama mmoja mwembamba anafuma sufu. Redio ya dereva ikataja waziri mkuu. Yule mkubwa akasema neno moja juu ya waziri mkuu ambalo siwezi kuliandika, barua hii itasomwa na watoto. Mama hakuinua macho kwenye sufu, akasema, "Yule wa kabla yake alikuwa mbaya zaidi." "Na wa kabla ya huyo?" "Huyo usinikumbushe." Wakaanza kuwataja mmoja baada ya mwingine, wakakwama katikati, hawakumbuki nani alimfuata nani. Dereva akawasaidia kutoka mbele kwa sauti kubwa, na yeye akatoa tusi lake.

Ndugu zangu, nilijikunja kwenye kiti. Nilingoja mtu asimame aandike majina yetu. Kwetu maneno kama yale husemwa kwa sauti ya chini, tena baada ya kutazama nyuma. Pale kila mtu alitazama mbele na kuendelea kula viazi vya kukaanga.

Kutoka hapo wakaingia kwenye Breksiti, yaani ile kura yao ya kujitoa Umoja wa Ulaya, na basi likapata moto. Mkubwa alipiga kura ya kutoka. Mama alipiga ya kubaki. "Mlituuza!" "Nyinyi ndio mliotudanganya!" Mkubwa akanigusa bega. "Na wewe, bwana, kwenu mnatuonaje?"

Sheria ya tembo ikaniokoa. Nilisema kwetu tunapenda sana wageni.

Basi likacheka, hata mama wa sufu. Nami nikaona jambo ambalo bado linanishangaza: alipofika kituo chake, yule mwanamume mkubwa aliyetoka kumwita msaliti ndiye aliyemshushia begi, akamshika mkono ngazini. Mama akasema asante, na wote wawili walionekana bado wamenuna.

Halifax

Mji wa Halifax umejengwa kwa mawe kwenye miteremko, na mtu wa mlimani anajisikia nyumbani akiutazama. Kuta za mawe zinapanda vilima hadi mwisho wa macho, kondoo wametawanyika bila mchungaji, na kijani kile ni cha mvua isiyoomba ruhusa. Nilisimama mlangoni asubuhi ya kwanza nikamshukuru Mungu kwa mikono iliyopanga mawe yote yale.

Ndeshi alinipokea vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza. Alipiga goti kidogo kama alivyofunzwa, akasema "Shikamoo, Baba," akachukua begi, akaniandalia loshoro kwa mahindi ya kopo na maziwa aliyoyagandisha mwenyewe. Alifanya kila kitu ambacho mgeni hufanyiwa. Mtandio nilimpa mkononi kama nilivyoagizwa. Aliushika, akausoma ukingo kwa vidole, akasema, "Ahsante kwa kuubeba." Wiki nzima tulizungumza hali ya hewa, mimi na mwanangu, kama watalii wawili.

Ramadhani ni kijana mwenye heshima, lazima niseme. Alinipeleka kula samaki wa kukaanga na chipsi zilizomwagiwa siki, na pembeni uji mzito wa njegere za kijani nilioudhania dawa. Akiniita Baba, anamaanisha. Nilikuwa nimejenga chuki nzuri sana dhidi yake na sasa sikujua niipeleke wapi.

Lakini kilichonistaajabisha kuliko vyote ni binti yangu kazini. Alinichukua siku moja kwenye nyumba anazozungukia. Nikamwona akiwainua wazee wa Kizungu kitandani, akiwaosha miguu, akiwatania. Mzee mmoja asiyekumbuka jina la mwanawe alimkumbuka Ndeshi kwa jina. Njiani watu walimsalimu kutoka madirishani. Kijana mmoja tu, ndani ya gari, alipunguza mwendo akapiga kelele kuhusu kitambaa chake na kumwambia arudi kwao. Ndeshi aliendelea kutembea.

"Huwa wanafanya hivyo?" nikamuuliza.

"Si kila siku."

"Na wewe hujibu?"

"Nilishazoea, Baba."

Sikuuliza alizoea lini, wala wapi.

Meza ya Mama Doreen

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta ni mama wa Kizungu mwenye miaka themanini na ushee, mjane, jina lake Doreen. Ndeshi humwangalia hata siku ambazo si za kazi. Jumapili ya pili alitualika sote chakula cha mchana, na Ndeshi akanidokeza kwamba haitakuwa rahisi. Mtoto wa Doreen, anaitwa Keith, atakuwepo. Mama na mwana walikosana juu ya Breksiti, na hajakanyaga pale tangu Krismasi.

Niliingia, nikasalimia, nikaona meza imetandikwa kitambaa cheupe. Na hapo kando ya meza, ndani ya chungu cha bluu, limesimama isale.

Nyinyi hamhitaji maelezo, lakini Mama Ramadhani naye atasomewa haya, kwa hiyo nieleze. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa mashamba na penye makaburi ya wazee wetu. Mtu aliyekosa huchuma jani, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Ukiletewa isale hukatai. Hata kama ni damu iliyomwagika, unalipokea na mnaanza kuongea.

Basi nilipoliona pale kando ya meza nilisogea karibu. Nikasema moyoni: kumbe hata hawa wanalo! Mama ameliweka tayari, amemwita mwanawe, amemwita na mgeni mzee ashuhudie. Nikakaa wima. Nilijiona nimepewa kazi.

Chakula kilikuwa nyama ya kuoka, viazi, na maandazi yasiyo na sukari yenye shimo katikati. Shimo hilo ni la kuwekea mchuzi. Niliwastahi kwa shimo lile. Keith ni mtu wa miaka hamsini na kitu, anaagiza vigae kutoka Italia. Hatujamaliza sala akaanza: karatasi za bandarini zimekuwa nyingi, malori yake yanakaa siku nzima, na aliyemfanyia hivyo ni mama yake mzazi, aliyepiga kura ya kutoka.

"Miaka arobaini hakuna aliyetuuliza kitu," Doreen akasema, kisu mkononi. "Siku moja wakatuuliza. Nikajibu."

"Ulijibu ujinga, mama!"

Nilishika meza. Mtu mzima anamwambia mama yake ujinga, mbele ya wageni, na mbingu haianguki. Mama alimwongezea viazi. Wakapanda, wakashuka, wakafika kwa mawaziri wakuu, na hapo tu ndipo walipokubaliana: hakuna hata mmoja anayefaa kuendesha duka la sabuni. Wakacheka pamoja. Nikadhani isale limeanza kazi.

Keith akamgeukia binti yangu. Kwa sauti ya upole, nasema kweli, ya mtu anayejiona anasaidia. "Ndeshi, wewe ni mtu mwerevu. Hapa ni nchi huru. Kwa nini bado unavaa hicho? Mimi nasema wazi, kwangu mtu haingii na kitambaa hicho kichwani."

"Nchi huru ndiyo maana anavaa," Doreen akasema. "Mama yangu hakutoka nje bila kitambaa maisha yake yote. Mwache."

Sikumngoja Keith ajibu. Damu ilinipanda nikasimama, kiti kikaanguka. "Huyo ni binti yangu! Nani wewe wa kumwambia asiingie..."

"Baba." Ndeshi alisema kwa Kimeru, sauti ya chini. "Kaa. Hayo si maneno mageni kwangu."

Nilikaa. Ramadhani aliniokotea kiti kwanza, maana nilikuwa nakaribia kukaa chini. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Maneno niliyoyarusha mwenyewe uwanjani kwangu, nikiwa na shibe, yalikuwa yamevuka bahari na kunichoma kwenye meza ya watu. Nilimwona Keith, uso umemwiva kwa uhakika wa kuwa sahihi, nikajua nilivyoonekana siku ile.

Doreen alikuwa ameshainuka. "Keith, omba radhi au uondoke kwangu." Keith akachukua koti.

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Niliwaza: mama amesema omba radhi, na isale lipo, wanangoja nini? Labda wanangoja mzee. Nikaenda kwenye chungu, nikang'oa jani, nikalifunga fundo, nikamfuata Keith mlangoni, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mpe mama yako," nikasema. "Halafu umpe na huyu mtoto."

Keith alishika jani kama mtu aliyepewa kuku, hajui amshike wapi.

"Mmea wangu!" Doreen akapiga ukelele. "Miaka kumi na minane naunyunyizia maji! Amefanya nini huyu?"

Nami nikamjibu kwa mshangao wangu wote, "Mama, si uliliweka kwa ajili ya mapatano?"

"Niliuweka hapo kwa sababu ya mwanga wa dirisha!"

Ndeshi alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na sikuwa nimesikia kicheko kile tangu akiwa msichana. Akawaeleza, huku anajifuta machozi, isale ni nini kwetu, fundo ni nini, na kwamba halikataliwi. Doreen akalitazama lile ua lake la dukani kana kwamba limezungumza. Kisha akanyoosha mkono kwa mwanawe. "Haya. Lete."

Keith alilileta. Hakusema mengi. Alisema, "Samahani, mama," na kwa Ndeshi, "Sikupaswa." Wakakaa. Mawazo yao juu ya Ulaya hayakubadilika hata punje, wala yake juu ya kitambaa sidhani. Ila alikaa, na walipoanza tena kubishana ilikuwa juu ya nani aoshe vyombo.

Ndeshi hakukaa. Alikuwa bado amesimama karibu na chungu, kicheko kimemwisha.

"Baba," alisema. "Umemfungia Keith. Mimi je?"

Sijawahi kuulizwa swali zito hivyo, na nimehojiwa na polisi wa mipaka mitatu. Kwetu mtoto ndiye humpelekea mzazi isale. Baba kumpelekea binti, sijaona, wala sikuwahi kusikia kwa baba yangu. Nilimtazama Doreen kuomba ruhusa. Akasema, "Chukua hata mawili."

Nikachuma jani jingine. Nilifunga mara tatu likafunguka. Nililia, ndugu zangu, sifichi. Nyinyi mlionisikia nikimfokea mwanangu, sikieni na hili. Nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nimekukosea, mama."

Alilipokea. Aliliweka kifuani juu ya ncha ya ule mtandio wa samawati, maana ndio aliouvaa siku ile.

"Isale halikataliwi, na mimi bado ni Mmeru," alisema. "Nimekusamehe, Baba. Lakini neno lile hukuniambia mimi peke yangu. Ulilisema mbele ya watu, na watu wale ndio nitakaokutana nao nikirudi. Hapa Halifax limeisha. Kule nyumbani bado lipo uwanjani."

Alikuwa na haki. Nilimwahidi.

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na kisa, nililala. Kutoka KIA sikupanda moja kwa moja mlimani. Nilikwenda Kaloleni kwanza, na mizigo yangu, nikanywa chai kwa Mama Ramadhani ikiwa ya moto. Nikamwalika kwetu pamoja na nduguze. Aliuliza kama kuna atakayeudhika akija na baibui. Nikamwambia akiwepo, nitamhudumia mimi mwenyewe.

Nyumbani mke wangu alikuwa getini na fimbo yake. Nilimsimulia yote tukiwa tumesimama, hata la Keith na jani. Aliuliza swali moja tu: "Utawaambia lini?" Nikasema nitaita watu. Akasema watu wataitwa, watakula, watachelewa kusikia, nawe utaanza kusimulia habari za basi, andika.

Ndiyo sababu ya barua hii ndefu, na ndiyo sababu nimetoa nakala kwa kila nyumba iliyokuwa uwanjani kwangu siku ya kipaimara, kuanzia kwa mdogo wangu. Mliniuliza Uingereza kukoje. Ni kuzuri ajabu, na watu wake wanabishana kuliko sisi. Mliniuliza na binti je.

Anakuja mwisho wa mwaka, yeye na mumewe na Salma. Atavaa kitambaa chake. Nilimwambia mbele yenu asikanyage uwanja wangu, na sasa nasema mbele yenu palepale: nilikosea, na neno lile nimeliondoa. Siku atakayofika, njooni wote. Nataka mumwone akiingia.